Zotero kwa Mswada wa Jarida la Masomo ya Afrika: Nyota Nne, na Mahali pa Kuisimamia

Anayeandaa mswada wa jarida la masomo ya Afrika akiwa Maseno, Njoro, Bondo au Kakamega, nchini Kenya, ana kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni hoja yenyewe. Ya pili ni tanbihi, marejeleo, majina ya watu, vichwa vya vitabu na faili zenyewe, kila kimoja kikae jinsi jarida linavyotaka. Kazi hii ya pili ndiyo inayorudishia watu miswada kabla mhakiki hata mmoja hajaisoma, na ndiyo Zotero inayojaribu kuirahisisha.

Zotero ni programu ya bure. Ilianza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na inahifadhi rekodi za vitabu, makala, tasnifu, barua za nyaraka na mahojiano, kisha inazipanga ndani ya Word kwa mtindo wowote unaoutaka. Mitindo iliyopo inazidi 10,000. Tunaipa nyota nne kati ya tano bila kusita. Ile moja tumeikata kwa sababu isipoelekezwa inachukulia kwamba kila kichwa ni cha Kiingereza na kwamba kila mwandishi ana jina la ukoo linalokaa mwisho. Kwa mtafiti wa Nyanza au Bonde la Ufa, dhana hizo mbili hazifiki mbali.

Kuiweka si kazi. Pakua vitu viwili kutoka zotero.org: programu yenyewe na kiunganishi cha kivinjari unachotumia. Vitufe vya Word huingia vyenyewe. Kabla ya kuanza kukusanya, fungua mipangilio uondoe ile alama inayoruhusu PDF zijipakue kila unapohifadhi rekodi. Ukiiacha, kila makala utakayoihifadhi kutoka JSTOR, ile hifadhi ya makala za kitaaluma mtandaoni, itakuja na faili yake nzima, na kwa anayetumia bando la simu hilo ni tatizo la siku ya kwanza.

Akaunti ya bure inakupa megabaiti 300 za kuweka faili mtandaoni. Makala ya zamani iliyopigwa skani inaweza kufika megabaiti 2 au zaidi, kwa hivyo makala 150 hivi zinatosha kuzijaza. Rekodi zenyewe, yaani majina, vichwa, miaka na kurasa, hazihesabiwi katika nafasi hiyo. Mtu mmoja anayeandika makala moja au mbili kwa mwaka hana haja ya kulipa zile dola 20 za gigabaiti 2. Azime usawazishaji wa faili, aache wa rekodi, na kila wiki anakili folda nzima ya Zotero kwenye diski ya nje, programu ikiwa imefungwa. Folda hiyo isiwekwe kamwe ndani ya Dropbox, OneDrive au Google Drive ili ijisawazishe huko. Hifadhidata yake haivumilii kuguswa na programu nyingine ikiwa wazi, na ikiharibika hupotea orodha nzima.

Onyo la mapema kwa wenye laptopu za mtumba: nyingi huja na WPS Office, na Zotero haina vitufe rasmi vya WPS. Inafanya kazi na Word, LibreOffice na Google Docs pekee. Ikiwa huna Word, weka LibreOffice, ambayo pia ni ya bure, na uache WPS mbali na faili ya mswada.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapa ndipo penye kazi kubwa.

Kila rekodi ina visanduku viwili vya jina la mwandishi: la ukoo na la kwanza. Kiunganishi kikimleta Ngũgĩ wa Thiong'o, mara nyingi kinaweka «Thiong'o» kwenye kisanduku cha ukoo na «Ngũgĩ wa» kwenye cha pili. Matokeo yake katika makala ni (Thiong'o 1986), na kwenye orodha anakaa chini ya T. Mhariri yeyote wa masomo ya Afrika akiona hivyo anajua papo hapo kwamba marejeleo hayajakaguliwa. Dawa ni kubofya kile kitufe kidogo kando ya jina kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja, kisha uandike jina zima: Ngũgĩ wa Thiong'o. Atapangwa chini ya N, bila koma katikati. Usijaribu kumweka «Ngũgĩ» kama ukoo na «wa Thiong'o» kama jina la kwanza, kwa sababu orodha itatoa «Ngũgĩ, wa Thiong'o», na koma hiyo ni kosa jipya.

Mwanahistoria E. S. Atieno Odhiambo ni mfano wa aina nyingine. Huorodheshwa chini ya A, kwa Atieno Odhiambo, lakini rekodi nyingi za mtandaoni humleta kama Odhiambo mwenye herufi tatu za mwanzo. Hapa visanduku viwili vinafaa: «Atieno Odhiambo» kwenye ukoo, «E. S.» kwenye cha pili. Kisha kuna alama ya ng'. William R. Ochieng', aliyefundisha historia Maseno, anapatikana kwenye hifadhidata nyingine kama Ochieng, bila kile kibainishi. Ukiacha rekodi mbili za namna hiyo, Zotero inamhesabu kuwa watu wawili, na orodha yako itamweka mara mbili mfululizo kwa tahajia mbili.

Kinachosumbua zaidi ni herufi za mwanzo kujitokeza zenyewe ndani ya makala. Tuseme una rekodi moja ya «Bethwell A. Ogot», nyingine ya «B. A. Ogot» na ya tatu ya «Bethwell Allan Ogot». Kwa mtindo wa marejeleo wa Chicago, ule wa mwandishi na mwaka, badala ya (Ogot 1967) utaona (B. A. Ogot 1967) hapa na (Bethwell A. Ogot) pale. Wengi hudhani programu imeharibika. Haijaharibika, inajitahidi kutofautisha watu inaodhani ni tofauti. Na kuna wakati inafanya haki: ukimtaja mwanahistoria Bethwell Ogot pamoja na mwandishi Grace Ogot, herufi za mwanzo zinahitajika kweli. Kwa hivyo usikimbilie kuizima tabia hiyo ndani ya mtindo. Panga maktaba kwa safu ya waandishi, tafuta majina yanayofuatana yenye sura tofauti, na uyaandike kwa umbo moja. Zotero haina njia rahisi ya kusahihisha rekodi nyingi kwa mpigo mmoja, na kwa maktaba ya rekodi 200 hii ni kazi ya jioni nzima. Ni afadhali kuifanya kila unapoingiza rekodi.

Taasisi nazo ziingie kwenye kisanduku kimoja. «Republic of Kenya», «Kenya National Bureau of Statistics», «County Government of Kisumu»: zikiachwa kwenye visanduku viwili, utapata kitu kama «Statistics, Kenya National Bureau of», na ripoti ya sensa ya mwaka 2019 itakaa mahali ambapo hakuna atakayeitafuta.

Vichwa vya Kiswahili vina shida yao, na wengi hawajui chanzo chake. Mtindo wa Chicago hukuza herufi ya kwanza ya karibu kila neno katika vichwa vya Kiingereza. Zotero inafanya hivyo kwa kila rekodi ambayo kisanduku cha lugha kiko wazi au kina «en». Chukua kichwa cha mfano kama «Historia ya wavuvi wa Ziwa Nyanza». Bila kugusa chochote, kitatoka «Historia Ya Wavuvi Wa Ziwa Nyanza». Watu hukisahihisha kwa mkono ndani ya Word, na kila wakibofya kitufe cha kusasisha kinarudi vilevile. Kinachotakiwa ni kwenda kwenye rekodi, kujaza kisanduku cha lugha kwa «sw», au «luo» kwa maandishi ya Dholuo, kisha kusasisha. Programu itakiacha kichwa kama ulivyokiandika.

Jambo linalofuatana na hilo: hifadhi vichwa vyote, hata vya Kiingereza, kwa herufi ndogo isipokuwa neno la kwanza na majina maalumu. Zotero inaweza kuzikuza herufi mtindo ukitaka, lakini haiwezi kuzirudisha kuwa ndogo kwa usahihi. Ukibofya kulia juu ya kichwa kuna amri ya kugeuza herufi, lakini baada ya kuitumia hakikisha Luo, Kakamega na Mumias hazijaachwa na herufi ndogo. Ikiwa ndani ya kichwa cha Kiingereza kuna maneno ya Kiswahili yanayopaswa kulazwa (italiki), yazingire kwa alama za <i> na </i> ndani ya kisanduku hicho hicho.

Vitabu vya zamani vya East African Publishing House au East African Literature Bureau, hasa vya miaka ya 1960, havina ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwa hivyo ile alama ya fimbo ya kuingiza kitabu kwa namba haitavipata. Viandike kwa mkono ukiwa umeshika kitabu chenyewe. Mchapishaji aandikwe kama alivyo kwenye ukurasa wa jina: toleo la Heinemann Kenya libaki hivyo, lisigeuzwe kuwa East African Educational Publishers kwa sababu tu kampuni ilibadili jina baadaye. Uliza pia jarida linafuata toleo gani la Chicago. La 17 linataka mji wa uchapishaji. La 18, lililotoka 2024, halilazimishi tena. Usifute «Nairobi» kwenye rekodi kwa ajili ya toleo jipya. Acha mtindo wenyewe uamue kuuonyesha au kuuficha.

Nyaraka ndizo sehemu dhaifu ya Zotero, na hapa sifa zetu zinapungua. Mtafiti wa historia ya magharibi mwa Kenya atakuwa na mafaili ya Kenya National Archives (KNA) yenye alama kama PC/NZA za mkoa wa Nyanza, DC/KSM za Kisumu au DC/NN za Nyanza Kaskazini. Ipo aina ya rekodi ya barua na ya hati, vipo visanduku vya jina la hifadhi na mahali ndani ya hifadhi. Lakini mpangilio unaotoka mara nyingi haulingani na unaotakiwa na majarida ya historia, ambayo kila moja lina desturi yake: hili linaanza na KNA na alama ya faili, lile linaanza na mwandishi wa barua na tarehe. Ushauri wetu ni kuziandika tanbihi za nyaraka kwa mkono, na kuiachia Zotero vitabu na makala. Zote mbili zinakaa vizuri ndani ya tanbihi moja.

Tahadhari moja tu. Zotero haisomi ulichokiandika kwa mkono. Tanbihi ya 12 ikiwa na kitabu kilichowekwa na Zotero, kisha wewe ukaongeza faili la PC/NZA baada yake, na tanbihi ya 13 ikataja kitabu kile kile, mtindo wenye «ibid.», yaani «chanzo kile kile kilichotangulia», utaweka «ibid.» hapo. Msomaji atadhani unarejelea faili. Chagua mtindo usiotumia «ibid.», jambo ambalo hata Chicago imelipendelea tangu toleo la 17, au kagua kila mahali lilipotokea.

Mahojiano yanahitaji uangalifu pia. Chicago kwa kawaida huyaweka mahojiano yasiyochapishwa katika tanbihi peke yake, lakini Zotero itayamwaga yote kwenye orodha ya mwisho. Weka kishale ndani ya orodha, bofya kitufe cha Add/Edit Bibliography, uyaondoe hapo. Ukiyafuta kwa mkono kwenye ukurasa, yatarudi. Na kama mzee wa Seme au Nyakach aliahidiwa kwamba jina lake halitatajwa, jina bandia liandikwe kwenye rekodi tangu mwanzo.

Kanuni hiyo ya kutogusa kwa mkono inahusu kila dondoo, yaani kila rejeleo ambalo Zotero imeliweka ndani ya makala. Ukitaka «taz.» mbele au maelezo mafupi nyuma, bofya dondoo, kisha ujaze visanduku vya kiambishi cha mwanzo, ukurasa na kiambishi cha mwisho. Ukiandika moja kwa moja juu ya dondoo hai, usasishaji unaofuata utafuta ulichoandika, au utakusimamisha kwa swali ambalo wengi hulijibu vibaya.

Kwa waandishi wawili au watatu, Zotero ni nzuri sana iwapo mmepatana kabla. Fungueni maktaba ya kikundi, ambayo ni ya bure bila kikomo cha wanachama, na nyote mtaje kutoka humo. Kila mtu akitaja kutoka maktaba yake binafsi, madondoo yataonekana, lakini mwenzako wa Njoro akisahihisha mwaka wa kitabu, kwako wewe Kisumu hautabadilika. La pili: patana kuhusu programu ya kuandikia. LibreOffice huhifadhi madondoo kwa namna inayopotea ukiokoa faili kama docx. Ipo njia ya alamisho inayovuka kati ya Word na LibreOffice, lakini njia hiyo hairuhusu tanbihi, kwa hivyo haimfai mwanahistoria. Na ukipandisha faili ya Word kwenye Google Docs ili msimamizi aisome, madondoo yote yanakufa bila onyo. Kwa kuhama, tumia amri ya kubadili programu ya kuandikia iliyo ndani ya Document Preferences. Ikiwa msimamizi anataka kusoma tu, mtumie PDF.

Siku ya kutuma mswada, faili ya kazi ibaki kama ilivyo. Tengeneza nakala, na kazi yote ifanyike kwenye nakala hiyo. Ndani yake bofya Unlink Citations, ili madondoo yawe maandishi ya kawaida. Hili si la mapambo. Ndani ya kila dondoo hai kuna anwani iliyofichika, na ukiwa na akaunti ya Zotero anwani hiyo hubeba namba ya akaunti yako. Bonyeza Alt na F9 katika Word utaiona. Majarida mengi ya masomo ya Afrika hayataki mhakiki amjue mwandishi, na namba hiyo ni mlango wazi.

Baada ya hapo nenda File, Info, Check for Issues, Inspect Document, uondoe jina la mwandishi kwenye sifa za faili na kwenye maoni ya pembeni. Jina la faili nalo lisiwe jina lako. Shukrani, namba ya kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya Kenya inayotoa vibali hivyo), jina la idara na la mfadhili vihamie kwenye ukurasa wa jina unaotumwa peke yake. Kazi zako mwenyewe zilizotajwa ndani zisemwe kwa nafsi ya tatu; ukifuta jina tu na kuacha «kama nilivyoonyesha katika», hujaficha kitu. Hesabu maneno ukiwa umeweka alama ya kujumuisha tanbihi, kwa sababu majarida mengi huzihesabu, na makala ya tanbihi 90 inaweza kuwa na maneno elfu mbili zaidi ya yanayoonekana chini ya ukurasa wa Word.

Mfumo wa kupokelea miswada, kama ScholarOne, utaunda PDF yake mwenyewe. Ifungue kabla ya kubofya kitufe cha mwisho. Tafuta ĩ na ũ, tafuta vibainishi vya ng', na kama makala ni ya isimu ya Kiluhya yenye alama za toni, tazama alama zimekaa juu ya irabu na si kando yake. Zikiwa kando, geuza fonti kuwa Charis SIL au Doulos SIL, zote za bure, upandishe upya. Picha na ramani ziende kama faili za peke yake, nukta 300 kwa inchi au zaidi. Ramani iliyonakiliwa kutoka skrini ya simu haitafika hapo hata ukiivuta.

Ukiandikia jarida la Kiswahili, mtindo unaweza kukutolea «and» na «ed.» katikati ya marejeleo yako. Yabadilishe kuwa «na» na «mhar.» kwenye ile nakala iliyokwisha kukatwa viungo, mwishoni kabisa, kwa kutafuta na kubadilisha. Ukiyabadilisha mapema yatarudi.

Kati ya programu nyingine za kazi hii, EndNote ni ya kulipia, na hatuoni inachompa mtafiti wa hapa kinachostahili bei hiyo. Mendeley, iliyo chini ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier tangu 2013, ni ya bure, lakini kitufe chake kipya kinafanya kazi na Word peke yake, na wenye LibreOffice wameachwa nje.

Asiye na kompyuta yake, anayeandikia kwenye saiba ya Kisumu au Kakamega, asihangaike kusakinisha Zotero kwenye mashine ya mtu. Atumie ZoteroBib, kwenye zbib.org, ya watu wale wale. Haihitaji akaunti. Unaingiza ISBN, DOI (namba ya utambulisho wa makala mtandaoni) au kichwa, unasahihisha majina kwa kanuni zile zile, unachagua mtindo, unanakili orodha hadi kwenye makala. Orodha inakaa ndani ya kivinjari cha mashine hiyo pekee. Kwa hivyo kabla ya kuinuka, tengeneza kiungo cha kuihifadhi ujitumie kwa barua pepe, kisha ufute kilichobaki kwenye kivinjari, maana anayekalia kiti hicho baada yako atakuta orodha yako ikiwa wazi na anaweza kuifuta bila kujua.